Visima vya Wajir na Mafuta ya Ardhini

Katika nchi kavu iliyoko ng'ambo ya mto Tana, ambayo Waingereza waliitawala kama sehemu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na ambayo leo ina kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, ukwasi wa watu haukupimwa kwa ngamia peke yake, bali kwa haki ya kunywesha. Maana mfugo hufa akazaliwa mwingine, ilhali kisima kikifisidika, jamaa nzima hulazimika kuhama.

Wajir ilipata sifa kwa visima vilivyochimbwa katika mawe ya chokaa, ambamo maji yako karibu na uso wa ardhi. Kwa ajili yake Waborana na koo za Kisomali walishindana, na Waingereza nao wakaweka kituo chao papo hapo mwaka 1912. Aliyechimba alikuwa na haki ya kwanza, mgeni akanywesha kwa idhini na kwa zamu, na kila kisima kilikuwa na mtu wa kuulizwa habari zake.

Kisha yakaja mafuta: kwanza kwa malori ya serikali, kisha kwa vita, ambapo ndege za Italia zilikishambulia kiwanja cha ndege cha Wajir mwezi Juni 1940. Baadaye visima virefu vilichimbwa kuyafikia maji ya Merti, hazina kubwa iliyolala chini ya ardhi toka pande za Habaswein hata Liboi, ambayo ndiyo iliyozinywesha kambi za Dadaab tangu 1991. Na pampu zake kwa miaka mingi ziliendeshwa kwa dizeli. Miji nayo ikapata vituo vya petroli, na matangi yakafukiwa ardhini.

Hatari ya tangi lililofukiwa ni kwamba kutu hukila chuma chake kwa siri. Mafuta hupenya udongo, yakayafikia maji yakaelea juu yake, na sehemu yake, kama benzini iletayo saratani, huyeyuka humo. Katika mawe ya chokaa yenye nyufa, safari hiyo yaweza kuwa fupi mno. Wajir yajua jambo hili kwa njia nyingine: vyoo vya shimo vilichafua visima, hata wenyeji wakatumia vyoo vya ndoo kwa muda mrefu.

Nchini Kenya somo kubwa la mafuta lilitoka Thange, huko Makueni, ambako mwaka 2015 bomba la Mombasa na Nairobi, lililojengwa miaka ya sabini, liligunduliwa likivuja na kuharibu mto, mashamba na visima; na miaka kumi ikapita kabla mahakama haijaamuru walioathirika walipwe fidia ya mabilioni ya shilingi.

Kusafisha kuna njia zake: udongo ulioloa huchimbwa ukaondolewa, mafuta yanayoelea hufyonzwa, hewa hupulizwa ardhini ili vijidudu viyale yaliyosalia, na maji huvutwa yakachujwa kwa mkaa. Lakini kazi hiyo huchukua miaka, na mfugaji hana kisima cha akiba cha kungojea. Ndiyo maana Marekani, iliyotunga sheria ya matangi yaliyofukiwa mwaka 1984, iliwapa wenye matangi ya zamani hadi Desemba 1998 kuyakinga na kutu au kuyafunga.

Basi dhima ya mwenye kisima leo imemwangukia pia mwenye kituo cha petroli: apime tangi lake kila siku, alinganishe yaliyouzwa na yaliyobaki, na aulizwe habari za maji kama alivyoulizwa mchimbaji wa zamani.