Mwalimu Abebe Nini? Historia Ndogo ya Mizigo ya Walimu wa Katanga



Kila mwaka, wakati masomo yanafunga mu mwezi wa 7, kuna vijana wanapita kwetu ku bilo. Wamemaliza UNILU ao ISP, wamesikia kama kule Zambia, Namibia na Afrika Kusini wanatafuta walimu wa Kifaransa. Swali lao ni moja: "Bakubwa, ninyi mulifikaka kule. Tubebe nini?"

Wanafikiri tutawaambia koti ya baridi na sufuria. Sisi tunawaambia kwanza waketi, ju jibu lake ni historia. Hapa Katanga watu wamevuka mipaka kwenda kufundisha, ao kurudi kufundisha, tangu zaidi ya miaka 100. Kila mara kuna mutu mwenye alisimama mbele ya mizigo yake, akachagua. Tumeona vizuri kuandika ile historia mu gazeti letu, ju wengi wetu tuko ndani yake, na ju kuna kazi moja tunataka kuwaomba pale mwisho.

Tuanze nyumbani kwetu. Mwanzo wa mwezi wa 12 mwaka 2000, vita vilifika Pweto. Baba yetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa na muda kidogo sana, pengine nusu saa. Mu nyumba mulikuwa sanduku moja yenye diplome yake, brevet, na makaratasi yote ya kazi. Pembeni kulikuwa mashini ya kushona ya mama. Baba alifungua mashini, akatosha kichwa chake, akakifunga mu blangeti, akakiweka ku kichwa. Sanduku aliliacha. Alisema: "Karatasi hailiwi. Nitaikuta." Hakuikuta. Tuliporudi, hata mabati ya nyumba hayakuwa tena.

Jirani yetu alikuwa pia mwalimu. Yeye alifunga diplome zake mu plastiki, akaziweka chini ya shati, akabeba na paketi mbili za chaki. Watu wa njiani walimucheka sana: watoto wanalia njaa, yeye amebeba chaki.

Tulifika Zambia, wakatupeleka Kala, kule Kawambwa. Kambi ya Kala ilikuwa imefunguliwa mwaka ule ule wa 2000. Ile ya Mwange, kule Mporokoso, ilikuwa pale tangu 1999. Wakati shule ya kambi ilianza kutafuta walimu, jirani alitosha plastiki yake, wakamuandika siku ile ile. Baba alibakia kungojea. Aliulizwa: "Nani anajua kama wewe ni mwalimu?" Mwishowe walimuambia afundishe somo moja mbele ya walimu wengine, njo wakamukubali. Lakini ile miezi alikuwa anangojea, mvua inanyesha, kichwa cha mashini njo kilitulisha. Mama alishona nguo za kambi nzima kwa chumvi, kwa maharagi, kwa sabuni. Na watoto wa jirani, wenye baba yao alibeba diplome, walikula mara nyingi mu sufuria yetu.

Sasa nani kati yao alipanga mizigo vizuri? Kwetu nyumbani ile mabishano haijaisha mpaka leo.

Kurudi kulianza mwaka 2007. Watu wa Kala walipita barabara mpaka Pweto, wengine wa Mwange walipanda mashua pale Mpulungu mpaka Moba. Mwaka 2010 kambi zote mbili zilifungwa. Wakati zamu yetu ilifika, baba alikuwa amejifunza. Kila mwaka wa kufundisha mu kambi walikuwa wamemupatia atestasio. Alishona mufuko mudogo wa kitambaa, na mashini ile ile, akaziweka zote ndani, akauvaa ku shingo. Hakuna mvua yenye ilizigusa.

Alizipeleka ku ofisi moja huku kwetu. Mwenye kumupokea aliziangalia moja moja, akauliza: "Hii ni Kingereza. Nani atasoma? Na inspekteri wetu alitia sahihi wapi?" Ile miaka haikuhesabiwa. Jirani, mwenye alikuwa na diplome yake ya zamani, alirudishwa mu kazi. Lakini hata yeye, miaka ya Kala haikuhesabiwa. Hapo njo tulielewa kama kubeba karatasi peke yake haitoshi. Karatasi inaomba mutu wa kuisoma pande zote mbili za mpaka.

Tusifikiri kama ile shida ilianza na vita vyetu. Mu karne ya 19, watu wengi wa nchi ya Baluba, Basonge na Balunda walikamatwa, wakauzwa, wakapelekwa mpaka Bié, kule Angola. Huko wengine walikutana na wamisionari, wakajifunza kusoma mu Kiumbundu. Baada ya mapinduzi ya Ureno ya mwaka 1910, wengi walipata njia ya kurudi kwao. Anayejulikana zaidi anaitwa Shalumbo. Yeye mwenyewe alikuwa amefanya ile biashara mbaya ya watumwa mbele ya kubadilika. Aliongoza kundi la watu waliopewa uhuru, wakatembea kwa miguu zaidi ya kilometa 1,000 kurudi nchi ya Baluba. Kule Mwanza, mu Haut-Lomami ya leo, William Burton na James Salter walikuwa wamefika mwaka 1915 kuanza misheni. Wale wenye kurudi kutoka Angola njo walikuja kuwa nguvu ya ile kazi: walifundisha, walihubiri, walifungua vituo mu vijiji.

Angalieni vizuri: kati ya walimu wa kwanza wa vijiji vya kwetu, walikuwamo warudishwa. Hawakukuwa na diplome, hakuna aliyewaomba atestasio. Walibeba kusoma mu kichwa, tena kusoma kwa luga ya kule walikotoka. Walipofika iliwaomba wageuze yote mu Kiluba. Na walikubaliwa kwa sababu pande zote mbili ziliwajua: misheni ilijua walisoma wapi, na vijiji vilijua wao ni watoto wa nani.

Mufano wa pili ni wa walimu wenye kuja kwetu kutoka mbali. Tarehe 30/6/1960 Kongo ilipata uhuru, na Wakongo wenye kumaliza universite hawakufika hata 30. Walimu wengi Wabelgiji waliondoka. UNESCO ikaanza kutafuta walimu wenye kusema Kifaransa mu dunia nzima. Kule Haiti, François Duvalier alikuwa anatawala tangu 1957, na watu wenye masomo walikuwa wanatafuta njia ya kutoka. Basi Wahaiti wengi wakaja Kongo: walimu, waganga, maagronome. Raoul Peck, mwenye kutengeneza filamu Lumumba ya mwaka 2000, alikuja Léopoldville akiwa mutoto, ju baba yake alipata kazi Kongo. Huku kwetu mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu Katanga ilijitenga tangu mwezi wa 7 mwaka 1960 mpaka mwezi wa 1 mwaka 1963. Hata hivi bazee wengi bado wanaweza kukutajia mwalimu Muhaiti mwenye aliwafundisha hesabu ao Kifaransa.

Wale Wahaiti walikuwa wageni kabisa. Hawakujua Kiswahili, wala bukari. Lakini diplome zao zilisomwa bila shida, ju nyuma yao kulikuwa UNESCO na luga moja. Tena wengi hawakurudi Haiti. Duvalier alikuwa bado, na walipotoka Kongo wengi walienda Canada, kule Quebec, wakaendelea na kazi. Mutu anafunga valizi ya miaka miwili, anakuja kuona kama ilikuwa valizi ya maisha.

Mufano wa tatu uko karibu, ngambo ya Tanganyika. Kambi ya Nyarugusu, mu mkoa wa Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996. Serikali ya Tanzania ilitaka watoto wasome programu ya nchi yao, ili siku ya kurudi wasipotee. Basi watoto Wakongo walisoma programu ya Kongo, kwa Kifaransa, na mitihani ya Kongo ilifanyika pale pale mu kambi. Mwenye alifaulu alirudi na karatasi yenye inspekteri wa Kongo anaijua. Ni kitu kilekile kilikosekana ku mufuko wa baba yetu.

Sasa turudie vijana wetu na swali lao. Kutokana na hii historia, tunawajibu hivi.

Kwanza, makaratasi. Diplome d'État, diplome ya universite ao ya ISP, na releve za pointi za kila mwaka, si za mwaka wa mwisho tu. Kama diplome yenyewe haijatoka bado, atestasio ya kufaulu. Originali zikae mu begi ya mukononi, si mu valizi yenye kuwekwa juu ya bisi. Fotokopi moja ibakie Lubumbashi kwa mutu wa kuaminika, na picha zake ziwe mu simu. Mutafute mutafsiri mwenye kiapo, awageuzie zote mu Kingereza, na muhuri, mbele ya kuvuka Kasumbalesa. Kule Zambia kuna ZAQA, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2011, yenye kuchunguza diplome za nje, na Baraza la Walimu, lililowekwa na sheria ya mwaka 2013, lenye kuandikisha kila mwalimu. Afrika Kusini kuna SAQA kwa diplome na SACE kwa walimu. Wote wataomba kuona. Kongo iko mu SADC tangu 1997, lakini hiyo haimaanishi kama karatasi yako itajisoma yenyewe.

Pili, pesa ya kungojea. Kule mwaka wa masomo unaanza mu mwezi wa 1, na makaratasi yanachukua muda. Baba alingojea miezi, na kuna kijana atangojea vilevile. Hapo njo kichwa cha mashini kinarudi: ubebe kazi ya pili ya mikono, hata kama ni kunyoa nywele, kushona, kutengeneza simu. Mwalimu mwenye anajua kitu kingine halali njaa.

Tatu, kayee zako za matayarisho. Programu ya kule si ya kwetu, lakini somo uliyotayarisha vizuri hapa unaweza kuigeuza kule, kama wale watu wa Bié waligeuza Kiumbundu mu Kiluba.

Unga usibebe. Kule wanakula bukari kama sisi, wanaiita nshima. Nafasi ya kilo tano za unga, weka vitabu vya Kifaransa. Hivyo njo bei yake inaumiza kule.

Nne, na hii ni ya kurudi. Mushingojee siku ya mwisho. Kila mwisho wa mwaka, omba atestasio yenye jina lako lote kama liko ku diplome, somo, kalasi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, jina la direkteri na muhuri. Kisha ipeleke ku ubalozi ao ku konsula yetu, waitie muhuri wao. Siku utarudi Lubumbashi, itakuwa na mutu wa kuisoma.

Tunafika ku ombi letu. Mu shirika letu kuna walimu wenye kufundisha Kala, Mwange, Meheba, Nyarugusu. Wengine walifundisha miaka 5, wengine 10. Makaratasi yao yako chini ya godoro, mu mifuko, mu masanduku yenye mchwa. Kuna wenye wameisha kufariki, na wajane wao hawajui kama ile karatasi ya Kingereza ina maana gani. Tunataka kufungua daftari moja: jina la mwalimu, kambi, miaka, kalasi, na majina ya walimu wawili wenye walifanya naye kazi na wangali wazima kushuhudia. Tutapiga picha ya kila atestasio, tutatafuta mutafsiri wa kuzigeuza mu Kifaransa, bei tukatiane kama vile tunakatiana mu likelemba. Kisha tutapeleka daftari ile kwa wenye mamlaka ya elimu, tukiwa wengi. Mutu mumoja na mufuko wake ku shingo walimurudisha nyumbani.

Hatuwezi kuwaahidi kama watahesabu ile miaka. Tunachoweza kusema ni kama mashahidi wanapunguka kila mwaka, na karatasi bila shahidi ni kama hakuna.

Basi, mwenye kuja ku mukutano wa mwezi huu, asije mikono mitupu. Alete ile mufuko. Baba yetu ameisha kusema atakuja na yake, na bado iko na ule uzi mwekundu wenye alishonea kule Kala.