Kijani Chini ya Puti

Baba mdogo alinunua Datsun 240Z kwa hela ya dhahabu aliyochimba hapa Mbangala. Madigadi ya kushoto ilikuwa imebonyea na mlango haufungi, lakini muuzaji alimwapia kwamba gari lilikimbia Safari Rally.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia. Nilipokuja likizo nikapewa kazi mbili: kupiga msasa na kuthibitisha hadithi.

Hadithi ilikuwa na pa kushika. Mashindano hayo yalianza 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda kwa 240Z. Mwaka 1973 akashinda Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, kwa gari la aina hiyohiyo, miezi michache tu baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia nchini humo.

Tukasugua. Puti nene ikatoka, ikafuata rangi nyeupe, na chini kabisa kijani. Hapakuwa na kivuli cha namba mlangoni, wala matundu ya taa za ziada mbele. Fundi alipapasa bonyeo, akasema, "Huu ni mti. Tena mwendo mdogo."

Baba mdogo bado alitaka tuandike namba ubavuni. "Nani atabisha, mwanangu?"

"Mimi, baba."

Hakunisemesha siku mbili. Ya tatu, madigadi ikiwa imeshanyooshwa, alirudi kutoka Tunduma na makopo mawili ya rangi. Nilifungua moja. Kijani.