Nyua za Minyaa katika Nchi ya Mirambo

Msafiri wa karne ya kumi na tisa aliyetoka Bagamoyo, akapita Ugogo na kulikata pori la Mgunda Mkali kwa kiu na hofu, hakuitambua nchi ya Unyamwezi kwa milima wala kwa mito, maana nchi ile aghalabu ni tambarare na mito yake mingi hukauka kiangazi. Aliitambua kwa nyua zake. Richard Burton na John Speke, waliofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857, walikuta vijiji vimezungukwa na kuta za minyaa mibichi iliyofungamana matawi, hata mpita njia akawa anaona mapaa yakichungulia juu ya kijani kile, asimwone mtu wala mnyama aliyekuwamo ndani. Burton hakuwa mwepesi wa kusifu vitu vya nchi alizopita, na katika vitabu vyake aliwadharau watu wengi kupita kiasi cha insafu; walakini nyua hizi alizisifu kwa uzuri na kwa ugumu wake wa kupenyeka.

Ama mnyaa wenyewe si mti wa fahari. Hauna majani ya kutajika. Una vijiti vya kijani, vya mviringo, vyenye unene wa penseli, na vijiti hivyo ndivyo vinavyofanya kazi ambayo katika miti mingine hufanywa na majani, kwa sababu hiyo kiangazi cha Unyamwezi, kinachoanza mwezi wa Mei na kudumu hata Oktoba, hakiudhuru. Hauhitaji mbegu wala kitalu: tawi hukatwa, likaachwa kivulini siku kadha mpaka utomvu ugande penye jeraha, likachomekwa ardhini mvua za kwanza zinapolainisha udongo, nalo likashika mizizi, na matawi yakipandwa shubiri kwa shubiri, baada ya misimu michache ua huwa umempita mtu kwa kimo. Utomvu wake mweupe huunguza ngozi, na ukiingia jichoni huleta maumivu makali na huweza kumnyima mtu nuru ya macho kwa siku nyingi. Kwa hiyo ng'ombe na mbuzi hawaugusi, na mwenye kuupogoa husimama upande unakotoka upepo. Katika miaka ya 1970 Melvin Calvin, mwanakemia wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1961, aliutazama utomvu huo huo akaona uwezekano wa kuugeuza mafuta ya kuendeshea magari; magari hayakuendeshwa, na mnyaa ukabaki katika kazi yake ya zamani.

Kazi hiyo, tangu miaka ya 1840 hata 1880, ilikuwa kazi ya vita. Pembe za ndovu zilikuwa zimevuta bunduki na baruti kuingia bara. Wangoni walikuwa wamepanda kutoka kusini na mbinu mpya za mapigano. Na vijana wa rugaruga, wasiokuwa na shamba wala mke wa kuwazuia nyumbani, walikuwa tayari kumtumikia mtemi yeyote aliyewaahidi ngawira. Kijiji kikawa ngome. Nje ulisimama ua wa minyaa, ndani yake boma la magogo yaliyosimikwa na kufungwa kwa kamba za gome la muyombo, na ndani ya boma nyumba za watu na zizi la ng'ombe. Msomaji ataniuliza, mnyaa wazuia risasi? Hasha. Lakini gobori la zama zile lilichukua muda mrefu kushindiliwa, na aliyelishika hakutaka kupoteza risasi yake kwa shabaha asiyoiona. Ua ulificha idadi ya waliokuwamo, ukaficha mlango, ukamlazimu adui kukaribia mno kabla hajajua ampige nani. Kwa fikira zangu, hii ndiyo stara katika maana yake ya kwanza kwa watu wa Unyamwezi: kuificha roho kwanza, aibu baadaye.

Kijiji cha Ulyankulu kiliyaona haya kwa macho yake mwaka 1871. Mtemi Mirambo, aliyeanzia katika utemi mdogo wa Uyowa akaunganisha nchi jirani chini ya mkono wake, aliwafungia njia ya Ujiji wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, nao wakaandaa jeshi la kumng'oa. Henry Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone na ambaye mali yake ilikuwa imekwama Kwihara, karibu na Tabora, kwa ajili ya vita hivyo, alijiunga nao kwa tamaa ya kufunguliwa njia, na habari alizoziandika, akiiita Ulyankulu kwa jina la Wilyankuru, ni miongoni mwa maelezo marefu tuliyo nayo ya vita vile. Mwezi wa Agosti jeshi lilikitwaa kijiji cha Zimbizo. Kisha Saud bin Said, kijana shujaa na mwenye haraka, akachukua watu kiasi cha mia tano akaenda kuishambulia Ulyankulu, alikokuwa Mirambo mwenyewe, huku Stanley amelala Zimbizo kwa homa. Kijiji kilitwaliwa. Washindi walikuta pembe za ndovu, vitambaa na watumwa, wakajitwika kila walichoweza kukibeba, wakashika njia ya kurudi.

Mirambo hakuwamo tena. Alikuwa ametokea mlango wa pili, akawazungusha watu wake mpaka kwenye njia ya Zimbizo, akawalaza ndani ya majani marefu kulia na kushoto. Na jeshi lile lililolemewa na mizigo lilipofika katikati, majani yakasimama pande zote mbili. Saud aliuawa pale pale na wengi wa wenzake. Baada ya siku chache jeshi zima lilitawanyika kurudi Tabora, na tarehe 22 Agosti Mirambo akaufuata mji wenyewe, akachoma sehemu yake, akamwua Khamis bin Abdullah, mmoja wa Waarabu waliokuwa na heshima kubwa mjini. Waandishi wengi wameihesabu habari hii kuwa ni ya ujanja wa mtu mmoja. Mimi naiona pia kuwa ni habari ya mtu aliyezaliwa na kukulia ndani ya ua, akajua ya kwamba kinachomficha mtu kina faida zaidi kuliko kinachomzuia adui, na ya kwamba majani ya pori, kwa anayejua kuyatumia, hayapungukiwi na lolote lililomo katika boma la magogo.

Mirambo alifariki tarehe 2 Desemba 1884, na dola yake haikudumu baada yake. Isike wa Unyanyembe, hasimu wake wa zamani, alitegemea kuta nene za ikulu yake, nazo zilivunjwa na Wadachi wa Tom von Prince mwezi wa Januari 1893. Mtemi akajilipua kwa baruti kuliko kukamatwa. Baada ya hapo maboma ya magogo yalikosa maana, yakaliwa na mchwa. Minyaa haikuliwa.

Huko Tabora, katika miaka hiyo hiyo ya vita, palikuwa na stara ya namna nyingine. Waarabu na Waswahili walijenga tembe zenye dari za udongo na ua wa ndani, ili jamaa za kike wakae pasipo kutazamwa na mgeni aliyeketi barazani. Na kwa kuwa ukuta ulikwisha kuifanya kazi ya kuficha, miti waliichagua kwa kivuli na matunda: miembe, mikomamanga, mindimu, mipapai. Miembe ya Tabora ni maarufu hata leo, na tembe la Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872 akingoja wapagazi, limehifadhiwa kuwa makumbusho. Wanyamwezi waliichukua miembe kwa furaha. Ua wa udongo waliuchukua wachache. Minyaa haikuwagharimu kitu.

Zama za Waingereza nazipita upesi, kwa sababu zamani hizo kichaka chenyewe ndicho kilichofanywa adui: katika miaka ya 1920 na 1930 malale yalienea, serikali ikawakusanya watu wa magharibi katika makazi makubwa yaliyofyekwa ili mbung'o wakose kivuli, na vijiji vilivyoachwa vikamezwa na miyombo.

Mwaka 1972 Ulyankulu ilipata wenyeji wapya. Wahutu waliokimbia mauaji ya Burundi walipewa pori lile walifyeke, katika makazi yaliyopangwa kwa barabara zilizonyooka. Watu hawa walitoka katika nchi ambayo ndani yake mtu hakai kijijini bali katika rugo yake, nyumba iliyozungukwa na ua ulio hai, na ambayo ndani yake nyumba isiyokuwa na ua ni nyumba ya fedheha. Ardhi ya Ulyankulu haikuwatosha wote kwa maji, na mwishoni mwa miaka ya 1970 maelfu walihamishiwa makazi mengine ya Mishamo. Mwaka 2007 serikali ilifungua mlango wa uraia, na zaidi ya watu 162,000 wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo wakawa Watanzania. Kwanza walitakiwa watawanyike mikoani, kisha wakaruhusiwa kubaki. Fauka ya hayo, Wasukuma wameingia na ng'ombe wao, na wao tangu hapo ni mabingwa wa minyaa, ambayo wengine huiita manyara.

Leo mkulima wa tumbaku wa Ulyankulu anapotaka kujistiri hana haja ya kuogopa rugaruga. Anaogopa mbuzi wa jirani, vumbi la barabara na macho ya wapita njia, na kuni za kukaushia tumbaku zimekwisha kula miti iliyokuwa ikimficha bure. Wako wanaopanda mikaratasi. Mti huo huenda juu ukaacha chini wazi, ukanywa maji mengi, nao ni ua mbaya. Michongoma ni mikali na haipitiki, ila humtaka mwenyewe asichoke kuipogoa. Mbono kaburi hushika upesi kwa kijiti na mbuzi hawali majani yake, lakini mbegu zake ni sumu, na watoto huzidhania karanga. Rai yangu ni hii: upande wa barabara na wa malisho panda minyaa, mistari miwili, mwezi wa Novemba, na upande wa jiko, wanakocheza watoto, usipande minyaa wala mbono, bali mindimu iliyosogezwa karibu karibu, ambayo miiba yake inatosha na matunda yake yana kazi.