Rubani Aliyeosha Mgonjwa



Wapendwa taifa la Mungu, tarehe 9 Agosti 1945 rubani Mwingereza, Leonard Cheshire, alikuwa ndani ya ndege ya Wamarekani, ametumwa na serikali yake kushuhudia bomu la atomiki. Bomu hilo lilipasuka juu ya Urakami, mtaa wa Wakatoliki wa Nagasaki. Katika kanisa kuu, waamini walikuwa wakiungama kujiandaa kwa Sherehe ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni. Hakuna aliyetoka humo hai.

Cheshire alizaliwa mwaka 1917, mwana wa profesa wa sheria, naye akasoma sheria Oxford, kijana apendaye anasa. Katika vita alikwenda kudondosha mabomu mara mia moja, na mwaka 1944 akatunukiwa Msalaba wa Victoria. Hata hivyo hakukosa utu. Mwezi Februari mwaka huohuo, huko Limoges, Ufaransa, aliruka chinichini mara tatu juu ya kiwanda ili wafanyakazi wakimbie kwanza.

Vita vilipokwisha aliacha jeshi, akaanzisha jumuiya ya waliokuwa wanajeshi. Ilivunjika, ikamwachia nyumba kubwa na madeni. Mwaka 1948 aliombwa amtafutie mahali mgonjwa wa saratani asiye na pa kufia. Alipokosa, alimchukua mwenyewe, akamlisha na kumwosha hadi alipofariki. Marehemu alikuwa Mkatoliki. Mkesha wa Noeli mwaka huo, Cheshire naye alipokelewa katika Kanisa.

Wagonjwa wengine wakafuata. Hadi alipofariki mwaka 1992, nyumba za walemavu zenye jina lake zilikuwa zimeenea nchi nyingi, Kenya ikiwamo.

Ndugu zangu, lipo jambo gumu. Cheshire hakulilaani bomu lile. Aliamini kwamba lilikomesha vita. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba kuangamiza miji pamoja na wakazi wake ni kosa dhidi ya Mungu na wanadamu. Hapo siwezi kumfuata. Lakini sisi tulio na mafundisho sahihi, ni nani tuliyemwosha?

Katika jumuiya yako ndogo ndogo yupo mgonjwa ambaye kila mtu anamtafutia mahali. Nenda kwake wiki hii.

Mungu awabariki.

Padre wenu