Kichwa Kinachouma Baada ya Mafuriko

Hapa Garissa kichwa kikiuma tunalilaumu jua, na mara nyingi ni kweli: hukunywa maji ya kutosha. Lakini wazee watakukumbusha mvua za El Niño za 1997. Mto Tana ulifurika, mbuzi na kondoo wakatupa mimba, kisha wachungaji wakaanza kulalamika homa na kichwa. Wengi walidhani ni malaria, nayo malaria ilikuwepo. Lakini baadhi yao walitokwa na damu, wakafa. Ilikuwa homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa karibu na Naivasha mwaka 1931. Mayai ya mbu wanaoieneza hukaa udongoni miaka mingi yakingoja mafuriko. Ikarudi Desemba 2006, na soko letu la mifugo likafungwa. Kenya nzima walikufa zaidi ya watu 150.

Basi kichwa kikikuuma baada ya mafuriko, nawe umechinja au kukamua mnyama mgonjwa, usinunue aspirini dukani. Huzidisha kutokwa na damu. Meza parasetamoli kwa kipimo, usizidishe, kunywa maji, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukifika, taja mifugo yako. Wagonjwa husahau kusema, na sisi wauguzi husahau kuuliza.