Taa ya Mlangoni Luvungi: Nani Aliamuru Iwake, Nani Aliamuru Izimwe

Katika bonde la Ruzizi, taa ya nje haijawahi kuwa shauri la mwenye nyumba peke yake. Kila zama zilileta mtu wa kuamuru: washa, zima, funika, lipa. Nimefundisha historia hapa Luvungi hadi nywele zimekuwa nyeupe. Vitabu vyetu vinataja wafalme, vita na mikataba, wala havisemi lolote juu ya balbu iliyoning'inia mlangoni. Naiandika historia hiyo kwa sababu taa za jua zimeenea kila parseli, majirani wameanza kugombana, na watu wanadai sheria. Kabla ya kutunga mpya, tuzijue zile zilizotupitia.

Luvungi iko kando ya barabara ya taifa namba 5, kati ya Kamanyola na Sange, katika shefferi ya Bafuliiru, teritwari ya Uvira. Mashariki yetu ni mto Ruzizi, na ng'ambo yake ni Burundi. Mto huo unatoka Ziwa Kivu, mita 1,460 hivi juu ya bahari, unaingia Tanganyika kwenye mita 770 hivi, baada ya mwendo wa kilomita 117. Sehemu kubwa ya mteremko iko huko juu, kabla maji hayajafika kwetu. Umeme wa waya nitakaousimulia umezaliwa na mteremko huo.

Koko yangu alinieleza sheria ya kwanza, nayo ilikuwa ya moto. Jioni kila ua ulikuwa na moto wake: wa kuwakinga ng'ombe na mbu kwa moshi, wa kupikia, wa kuzungumzia. Lakini nyumba zilikuwa za nyasi. Kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, upepo ukianza kuvuma bondeni, wazee walitaka kila moto wa nje ufunikwe majivu kabla watu hawajalala. Aliyekaidi na cheche ikaruka, alitoa mbuzi kwa waliounguliwa. Naipenda sheria hiyo. Aliyeitunga na aliyeifuata walilala kwenye nyasi zilezile, na sababu yake hata mtoto aliielewa.

Wabelgiji walileta amri ya namna nyingine. Dekreti ya tarehe 23 Novemba 1931 ilianzisha vile vituo vya Waafrika waliotoka vijijini, centres extra-coutumiers. Bukavu, iliyoitwa Costermansville wakati huo, iligawanyika: mtaa wa Wazungu ukawa na veranda zake na taa zake juu ya ziwa, na Waafrika wakapewa Kadutu kule mlimani. Usiku Mwafrika hakuruhusiwa kuzunguka mtaa wa Wazungu bila karatasi ya ruhusa. Mwangaza wa veranda ulimstarehesha mwenye nyumba, na papo hapo ulimwonyesha polisi nani anapita. Baba yangu mdogo, aliyefanya kazi ya upishi huko, alikuwa akirudi Kadutu akiwa ameshika fanusi mkononi na karatasi mfukoni. Alituambia hakuipenda fanusi ile hata siku moja, kwa sababu ilimtangaza kabla hajafika.

Huku bondeni hakukuwa na veranda za namna hiyo. Kulikuwa na pamba ya lazima na koroboi za mafuta ya taa. Koroboi ilikaa ndani, maana mafuta yalinunuliwa kwa hela ya pamba, na hela ya pamba ilikuwa ndogo.

Kisha ukaja mwaka 1958, na hapa naomba msomaji atulie nami kidogo. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 bwawa la Ruzizi ya Kwanza lilianza kufanya kazi pale Mururu, karibu na mahali mto unapotoka ziwani; baadaye nguvu yake ilifikia karibu megawati 30. Umeme ukaenda Bukavu, ukaenda Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura. Mwaka huohuo wa 1958, mji mdogo wa Flagstaff, jimbo la Arizona kule Marekani, ulipitisha sheria inayohesabiwa kuwa ya kwanza duniani kuwazuia wenye mali wasirushe mwanga ovyo. Ilipiga marufuku taa kubwa za matangazo zilizokuwa zikimulika angani. Sababu yao ilikuwa kilima chenye kituo cha kutazama nyota, Lowell, kilichojengwa 1894, ambako sayari kibete ya Pluto iligunduliwa mwaka 1930. Mwanga wa maduka uliwazuia wataalamu kuona. Raia wa Flagstaff walikaa katika baraza lao la mji, wakatazama kile walichokuwa nacho, wakaamua wenyewe.

Sisi mwaka ule hatukuulizwa. Hakuna aliyekuja Luvungi kuuliza waya zipite wapi, au taa ya kwanza isimame kwenye soko, zahanati au kanisa. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, bwawa lilikuwa letu kwenye karatasi, na usiku wa bondeni ulikuwa uleule.

Baada ya hapo mwanga wa nje uligeuka kuwa hatari. Mwaka 1964 uasi ulilishika bonde. Uvira ilianguka mwezi wa tano, na mwezi uliofuata mapigano yalikuwa Kamanyola, mahali ambapo Mobutu alijipatia sifa ya vita na baadaye akaipa divisheni yake ya jeshi jina hilo. Wazee waliokuwa vijana wakati huo wanakubaliana juu ya jambo moja: moto wa uani ulihamia ndani. Waasi wakiuona walidhani ni kituo cha askari, askari wakiuona walidhani ni waasi. Desturi ya kuzungumza nje jioni, ambayo koko aliikulia, ilikatika kwa msimu mzima, na katika familia nyingine haikurudi.

Zama za Zaire zilileta mipango mikubwa. SNEL, kampuni ya umeme ya taifa, iliundwa 1970. Zaire, Rwanda na Burundi ziliungana katika jumuiya ya kiuchumi ya CEPGL mwaka 1976, na kutokana na umoja huo ikazaliwa kampuni ya umeme ya SINELAC, inayoendesha bwawa la Ruzizi ya Pili tangu 1989. Kwa raia wa kawaida, amri ilikuwa ya salongo: fagia, kata nyasi, safisha mbele ya parseli. Parseli yako ilikuwa yako, lakini sura yake ya mbele ilikuwa ya serikali.

Giza lililoniumiza zaidi ni la 1996. Tarehe 6 Oktoba hospitali ya Lemera, hapo juu mlimani kwetu, ilishambuliwa, na wagonjwa na wauguzi wakauawa. Kabla mwezi haujaisha, Uvira na Bukavu zote zilikuwa zimetekwa. Tangu hapo, kwa miaka mingi, sheria ya taa Luvungi haikuandikwa popote, na kila mtu aliijua. Ukisikia nyayo barabarani, zima. Ukisikia risasi, zima na mlaze mtoto chini. Mwanamke akishikwa na uchungu usiku, mkunga aliletwa bila tochi, akishikwa mkono. Watu wenye bunduki walifuata mwanga kwa sababu mwanga ulionyesha mwenye hela. Mwenye balbu nje alionekana ana redio, ana mbuzi, ana binti. Nimewazika wanafunzi wa nyakati hizo. Ndiyo maana kijana wa leo akiniuliza kwa nini wazee wanaogopa taa ya nje, simcheki.

Wakati huohuo, mjini ilitolewa amri iliyo kinyume kabisa. Katika avenyu moja ya Bukavu nilikopanga chumba, mkuu wa avenyu alipita mlango kwa mlango: kila mwenye parseli aweke balbu nje, wezi wakose pa kujificha. Wazo lilikuwa zuri. Lakini umeme ulikatika usiku kwa usiku, na mjane aliyekuwa jirani yangu alitishiwa faini kwa giza ambalo si yeye aliyelileta.

Siku hizi paneli za jua zimefika hadi kwenye nyumba za matope. Mwenye duka anafunga taa nyeupe kali inayowaka hadi asubuhi. Inamsaidia mpita njia, na mvua za kwanza zikinyesha watoto wanaokota kumbikumbi chini yake. Lakini inaingia dirishani kwa jirani mgonjwa, inavuta wadudu kwenye chakula cha mama lishe, na inammulika dereva wa pikipiki usoni asione mtoto anayevuka. Baa moja imeelekeza yake upande wa kisima, na wasichana wanaochota maji alfajiri wanasema wanaonekana wao, ila wao hawaoni nani anawatazama.

Jambo hili si dogo, na sheria ya kutufungulia mlango ipo. Katiba ya 2006 iligatua madaraka. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ikazipa miji, komuni, sekta na shefferi mabaraza ya kuamua mambo ya kwao. Sheria ya umeme ya tarehe 17 Juni 2014 iliruhusu watu binafsi kuzalisha na kuuza umeme, ukiritimba wa SNEL ukakoma. Na bwawa la Ruzizi ya Tatu limepangwa kujengwa hapo Kamanyola, kwenye mlango wetu.

Najua mtu atasema: Bukavu ilitekwa tena mwezi wa pili 2025, vita viko barabarani, nawe unazungumzia balbu? Ndiyo, nazungumzia balbu. Wenye bunduki wameamua juu ya usiku wetu kwa muda mrefu kupita kiasi.

Ombi langu kwa mwami, kwa wakuu wa vitongoji na kwa kila mwenye parseli ni hili: tukae, kama wazee wa koko walivyokaa juu ya moto wa kiangazi. Taa ya nje ielekee chini, imulike njia na si dirisha la mtu. Njia ya kisima, zahanati na soko zitangulie kupata mwanga kabla ya baa. Asiye na uwezo asitozwe faini, jirani zake wamchangie. Na usiku wa hatari, mwenye nyumba awe na haki ya kuzima bila kuulizwa na mtu yeyote.

Sheria hiyo iandikwe kwa Kiswahili na Kifuliiru, ibandikwe sokoni.