Njia ya Setilaiti Uhuru Juu ya Kampala

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka 7 ya kujitawala, roketi ya Kimarekani iliruka kutoka San Marco, jukwaa la Waitalia lililosimama baharini karibu na Malindi, ikiwa imebeba setilaiti iliyopewa jina la Uhuru kwa heshima ya wenyeji. Njia yake iliachana na ikweta kwa nyuzi 3 tu, na kwa kuwa Kampala iko karibu mno na mstari huo, setilaiti hiyo ilipita katika anga la mji huo zaidi ya mara 10 kila siku, kilomita 500 na ushei juu ya ardhi, hadi ilipokoma kufanya kazi mwaka 1973.

Ikweta ilichaguliwa kwa sababu nzito. Uga wa sumaku wa dunia hunasa chembe zenye nishati kubwa ambazo huvuruga vipimo, na katika ukanda huo wa chini chembe hizo ni haba. Kwa utulivu huo Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, kikiwemo Centaurus A, galaksi ya redio, yaani ile ambayo shimo jeusi lililo kitovuni mwake hurusha mikondo miwili ya chembe inayofura na kuwa mawingu makubwa. Lau macho yangeona mawimbi ya redio, mtu aliye Kampala angeyakuta mawingu hayo upande wa kusini, yametanda kwa urefu wa miezi mipevu 16 hivi iliyopangwa mstari mmoja.

Je, chembe za mawingu hayo hupata wapi nishati yake? Mwaka 1949 mwanafizikia Enrico Fermi alieleza kwamba chembe inayodundishwa tena na tena na nyuga za sumaku zinazosafiri hujiongezea nishati kidogo kidogo; mnamo 1977 na 1978 wataalamu kadhaa walionyesha kuwa kwenye mawimbi ya mshtuko kazi hiyo huenda haraka zaidi. Hoja kwamba kazi hiyo hufanyika pia ndani ya mawingu ya Centaurus A ikapata uzito mkubwa mwaka 2010, darubini ya angani yenye jina la Fermi huyo ilipogundua miale ya gama ikitoka mawinguni mwenyewe. Elektroni zinazoitoa huishiwa nishati kabla ya kutimiza miaka milioni 1, ilhali kutoka kitovuni hadi ncha za mawingu nuru yenyewe husafiri muda unaokaribia huo. Kwa hiyo ni vigumu kuamini kwamba zilipata nishati yote kitovuni, na yaelekea nyingi huipata humo humo mawinguni, ambamo gesi na sumaku vinachafukana.